Shajara ya mradi: demensia kwenye zahanati zetu, Newala na Tandahimba

4 Juni

Nimeamua kuandika haya mambo kila nikitoka kazini maana ile ripoti tunayojaza ina visanduku tu, wamehudhuria wangapi, wanawake wangapi wanaume wangapi, bas, na yale yenyewe yanayotokea hayana pa kukaa. Kwa hiyo humu ntaandika kama ninavyoongea.

Mradi wenyewe ni mdogo. Tuko watatu, mimi muuguzi wa afya ya akili, tabibu mmoja mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu, na dada mmoja wa ustawi wa jamii. Kazi yetu ni kukaa na matabibu na wauguzi wa zahanati, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ili mgonjwa wa demensia, ile hali ya ubongo kuharibika mtu akaanza kusahau na kupotea, akifika mbele yao wamjue, wajue wamfanyie nini, na wajue pia kuna vitu vinafanana kabisa na demensia lakini sio. Tumeanza na zahanati 9. Siku mbili darasani alafu kila mwezi tunawafuata huko huko kwao. Tumechagua miezi hii makusudi, korosho zikianza tu kule Oktoba humpati mtu, hata muuguzi ana shamba lake. Saizi watu wanapulizia mikorosho dawa ya salfa lakini mchana angalau unawapata.

Leo nilipita zahanati moja kuangalia hali ilivyo kabla ya semina. Nikaomba rejista ya OPD, yaani ya wagonjwa wa nje, nikaanza kurudi nyuma kurasa kwa kurasa natafuta wazee. Nikamkuta mama wa miaka 74, malalamiko yameandikwa "anasahau, anapotea njia", na pale kwenye ugonjwa kaandikiwa "uzee". Kapewa paracetamol na vitamini, kaenda.

Sikumlaumu mtu. Mimi mwenyewe nlishasema hivo hivo, tena kwa bibi yangu mzaa mama, Kitangari. Nlikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, nimerudi likizo, mama ananieleza kwamba bibi anapika ugali, wanakula, baada ya nusu saa anabandika tena maji, na yeye mama anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikamjibu mama, ni uzee tu huo, utamzoea. Mama akaniamini kwa sababu mimi ndo nlikuwa nasomea mambo ya hospitali. Miaka miwili baadae bibi akakutwa saa nane usiku uani kwa watu, kavaa khanga moja, na kule kwetu mtu akikutwa uani kwa watu saa hizo jina lake liko tayari, anawanga. Yaliyofuata siyaandiki yote. Aliishi miezi mingine kumi na moja, mingi ya hiyo akiwa ndani mlango umefungwa kwa nje, na sisi ndo tulioufunga.

11 Juni

Kundi la kwanza, watu 17, ukumbi wa kata. Baridi ya huku juu mwezi huu na ule upepo unaopanda kutoka upande wa Shimo la Mungu, watu wamekuja na majaketi na mitandio mizito. Chai ya saa nne ilikuwa na mihogo ya kuchemsha, imetusaidia sana.

Hatukuanza na ugonjwa. Mwalimu aligawa vikaratasi, kila mtu aandike bila jina: mzee ameletwa kwako, anasahau, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni nini? Vikabandikwa ukutani. Vilivyoandikwa uzee vilikuwa vingi kuliko vyote. Vingine presha, vingine mawazo, kimoja UKIMWI, viwili karogwa, na kimoja kiliandikwa "sijui, huwa namwambia arudi siku nyingine", nikakipenda hicho kwa sababu aliyekiandika alisema kweli yake.

Ndipo Mwalimu akauliza, yule mgonjwa wa kwanza kabisa ambaye ugonjwa wa Alzheimer uliandikwa kupitia yeye mnadhani alikuwa na umri gani? Wakataja 80, wengine 75. Alikuwa na miaka 51. Auguste Deter, alipokelewa hospitali Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, mumewe kashindwa, mke anasahau, anaficha vitu, ana wivu usio na sababu. Daktari Alois Alzheimer akawa anakaa naye anamhoji na kuandika majibu yake. Alipofariki 1906 ubongo wake ukaangaliwa kwenye hadubini, ukakutwa umesinyaa, nje ya seli kuna mabonge kama uchafu ulioganda na ndani ya seli nyuzi zimesokotana. Mwalimu akageuka akaangalia vile vikaratasi akauliza, sasa miaka 51 nayo ni uzee gani? Chumba kikatulia. Kuna muuguzi hapo mwenyewe ana 53.

Baada ya hapo masomo yaliingia vizuri. Kwamba demensia ni jina la hali, ubongo unaharibika mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake kama zamani, na magonjwa yanayoileta ni mengi, Alzheimer ndo inaongoza, kama 60 hadi 70 katika kila wagonjwa 100, inafuata ile ya mishipa ya damu ya ubongo ambayo kwa wagonjwa wetu wa presha tunatakiwa tuiogope sana. Kwamba duniani wapo zaidi ya milioni 55 na zaidi ya nusu yao wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Mtu akauliza, mbona sisi hatuwaoni? Dada wa ustawi akawapa habari ya Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka 2013, wakakuta kama 6 katika kila watu 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Nyumba kwa nyumba. Hospitali wangekaa wakawasubiri wasingewapata, na sisi ndo tunavyofanya, tunakaa tunasubiri.

Nimeona watu wawili wakihesabu kwa vidole wazee wa mtaani kwao.

12 Juni

Siku ya kipimo. Niliwaza sana kuhusu siku hii maana vile vipimo vya Ulaya na Marekani, mwambie mtu atoe saba kwenye mia mfululizo, aandike sentensi, anakili maumbo ya pembe tano yaliyopandana, bibi ambaye hajawahi kushika penseli maishani utampimaje kwa hicho? Utampima shule aliyoikosa. Sisi tunatumia kipimo cha IDEA, ambacho kilitengenezwa kwa kazi ya huko huko Hai na ya Nigeria, kwa ajili ya watu ambao hawakusoma. Kina alama 15. Unamuuliza mzee daraja ni nini, leo siku gani, kiongozi wa kijiji anaitwa nani, ataje wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, unampangia njiti za kiberiti naye aige, na kuna maneno kumi unamfundisha alafu baadae unamuuliza anayakumbuka mangapi. Akipata 7 kushuka chini inaelekea ana demensia, 8 au 9 bado una wasiwasi naye.

Wazee watatu wa jirani walikubali kuja watu wajifunzie kwao, tuliwaomba kupitia mwenyekiti na tukawarudishia nauli. Muuguzi mmoja kijana, mwenyeji wa kanda ya ziwa kapangiwa huku mwaka jana, akakaa na babu mmoja mkulima. Kamwamkia vizuri, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Akauliza, babu, daraja ni nini?

Babu akasema, daraja ni korosho. Ile iliyokauka vizuri, haina doa, haijanyeshewa, hiyo daraja la kwanza. Ikinyeshewa tu umeshaingia la pili, na bei inaanguka.

Kijana akaandika sifuri.

Wenyeji wote wakainua vichwa. Aisee tulitumia karibu nusu saa hapo na sijutii hata dakika moja. Babu amejibu kwa akili timamu, ametoa maana, ametoa sababu, ametoa mpaka madhara yake sokoni, sema neno letu moja lina maana mbili na kwa mkulima wa Newala ile ya korosho ndo inayotangulia. Akaulizwa upya, babu, daraja la kuvukia. Akasema aa, la kuvukia! Kama lile la Mtambaswala, unavuka Ruvuma unaingia Msumbiji bila kulowa. Alama zote mbili.

Ila Mwalimu akatuonya, na ana haki. Kila mtu akianza kubadilisha swali anavyotaka hicho sio kipimo tena. Tukakubaliana kundi zima, huku tutasema "daraja la kuvukia" kwa kila mzee, na kwenye fomu tutaandika kwamba tumesema hivo.

Mengine madogo madogo lakini yana uzito. Muuguzi aliyepangiwa huku juzi hajui jina la mwenyekiti wa kijiji, sasa atajuaje jibu la mzee ni sahihi? Aulize kabla. Kuku wanahesabiwa? Wanahesabiwa, na ndege, na samaki, na wadudu. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni njiti, asogezewe kwenye mwanga kwanza, akishindwa andika hakuona, usiandike hakuweza.

Na lugha. Bibi wa tatu aliulizwa kwa Kiswahili akawa anajibu kwa shida, wanyama akataja wanne akanyamaza, anaangalia mikono yake. Mama mhudumu wa jamii anayetoka kijiji kile kile akaomba ruhusa amuulize kwa Kimakonde. Bibi akainua uso, akataja kumi na tatu na bado muda haujaisha. Tulikuwa tunakaribia kumpa ugonjwa ambao hana. Na kwa aliye na demensia kweli ni hivo hivo tena zaidi, lugha aliyojifunza ukubwani inaweza ikaanza kumtoka, ile ya mamake ikabaki.

Nimewarudia mara nyingi mpaka sauti imekauka: kipimo hakikwambii ana demensia, kinakwambia endelea kuuliza. Na wa kuulizwa ni yule aliyemleta. Alikuwa anafanya nini ambacho sasa hawezi? Hapa walimwaga mifano yao wenyewe kuliko yote niliyoandaa mimi. Bibi aliyekuwa anabangua korosho bila kuziunguza sasa anaziacha motoni. Mzee aliyekuwa anajua kilo zake kabla hazijafika ghalani sasa mjukuu anamwibia yeye haoni. Fundi wa bao ambaye wenzake kijiweni wameanza kumhesabia kete, na walipoona anaaibika wakaacha kumwita kucheza. Hiyo ya bao ilitolewa na tabibu mmoja mtu mzima, akasema ni kaka yake, akatoka nje kidogo.

25 Juni

Kundi la pili, Tandahimba. Wamekuja 11 badala ya 16, kulikuwa na kikao kingine siku hiyo hiyo na hatukuambiwa. Umeme ulikatika saa tano mpaka jioni, projekta ikalala, tukafundisha kwa ubao. Imeenda vizuri tu, naona hata vizuri zaidi, watu waliandika wenyewe. Projekta naiacha.

2 Julai

Leo siku nzima ilikuwa ya swali moja, tangu lini.

Kwenye mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa magonjwa ya akili na ubongo kwa vituo visivyo na mabingwa, ule wa 2016 ambao ndo tunafundishia, demensia inataka dalili ziwe zimekuwepo zikiongezeka taratibu kwa miezi 6 angalau. Ukiisoma hivi hivi unaipita. Lakini zahanati ndo uhai wenyewe huo. Mzee aliyechanganyikiwa tangu juzi hana demensia mpya, ana kitu kingine kinachomuua sasa hivi, inaitwa deliriamu, inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, nimonia, sukari imeshuka, hajanywa maji siku mbili, au dawa aliyopewa. Anakuja hajui alipo, saa hii analala saa hii anapiga kelele, na mchana anaweza kupata fahamu kidogo watu wakasema kapona.

Tukapitia na zile zinazokuja kwa wiki. Aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au kwenye bodaboda, akaamka akaendelea na shughuli, wiki tatu baadae anaumwa kichwa, anasahau, mguu mmoja unaburuzika. Damu imevuja taratibu juu ya ubongo, inazidi kuugandamiza. Huyo ni rufaa leo, sio kesho. Na zinazokuja kwa miezi lakini zinatibika: tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani isiyotibiwa, VVU, sonona. Sonona kwa mzee huyu wa kwetu hailii, inakaa kimya, inasema sijui kwa kila swali, na ukimwinua kwa matibabu na watu akili inarudi. Aliye chini ya miaka 60 naye usikae naye, apelekwe mbele.

Alafu dawa zetu wenyewe. Hapa watu waliguswa. Piriton ya mafua, amitriptilini ya usingizi na maumivu, diazepamu, zote hizi zinamzidishia mzee kuchanganyikiwa, na sisi tunazigawa kama karanga. Na haloperidoli na klopromazini za kumtuliza mgonjwa wa demensia anayehangaika, zinaongeza hatari ya kifo kwa hawa wagonjwa, sio kwamba hazitumiki kabisa lakini zisiwe kitu cha kwanza, uanze kuuliza anahangaika kwa nini. Ana maumivu? Kibofu kimejaa? Ana njaa? Ameona mgeni?

Tumetengeneza kadi ndogo ya kuning'iniza shingoni yenye maswali matatu tu. Tangu lini? Ilianza ghafla au polepole? Alikuwa anafanya nini ambacho sasa hawezi? Dada wa ustawi alitaka tuongeze manne, nikakataa. Mtu mwenye foleni ya watu arobaini anasoma matatu.

9 Julai

Nimepigiwa simu saa mbili asubuhi na yule kijana wa kanda ya ziwa. Ameletewa bibi wa miaka zaidi ya 80, watoto wanasema kazeeka, haongei vitu vya maana, wamemleta tu wapate dawa ya kumlaza. Anasema mkono ulishaanza kuandika akaiona kadi. Akauliza, tangu lini? Wakajibu tangu Jumapili, kabla ya hapo alikuwa anapika mwenyewe. Malaria hamna, sukari sawa, joto limepanda kidogo tu, mkojo kaupima kwa kile kijiti na umechafuka. Akamwanzishia dawa, akamwongezea maji, akawaambia asiachwe peke yake usiku.

13 Julai. Kanitumia ujumbe wa sauti. Bibi ndani yake anauliza huyu mtoto ameoa? Nimeusikiliza mara nne.

17 Julai

Ziara ya nyumbani, kijiji kimoja upande wa Kitangari. Niliombwa na mama mhudumu wa jamii yule wa Kimakonde, akasema dada njoo mwenyewe hili siliwezi peke yangu.

Mama mwenye nyumba ana miaka sabini na kitu. Alikuwa kungwi, anajulikana vijiji vitatu. Anatoka usiku. Wiki iliyopita kakutwa nyuma ya jiko la jirani anatafuta maji, kwa sababu zamani kabla hawajahama kisima chao kilikuwa upande huo. Mtoto wa jirani aliugua siku iliyofuata. Nilipofika nikasikia lile neno tayari limeshatembea, na niliposhuka kwenye pikipiki miguu ilikuwa haina nguvu kabisa, maana naijua hiyo barabara inakoishia.

Mama mhudumu alikuwa ameshafanya kazi kubwa kabla yangu. Kauliza tangu lini, karibu miaka mitatu, polepole. Kauliza alikuwa anafanya nini, akaambiwa nyimbo za unyago alikuwa nazo zote kichwani na mwaka juzi katikati ya ngoma alisimama akawa hajui inayofuata. Kapima presha, iko juu. Masikio, macho, vyote kaviandika kwenye daftari lake la mistari. Zahanati wamemfanyia vipimo walivyo navyo na wamempa rufaa aende Ligula, hospitali ya mkoa kule Mtwara, akapimwe zaidi, nauli ndo ilikuwa inatafutwa.

Tuliomba kikao. Nlijifunza kutoka kwake kwamba bila mjomba kikao hicho si kikao, sisi huku ukoo unafuata upande wa mama na neno la mjomba ndo linafunga, kwa hiyo tulimsubiri mpaka saa tisa akaja kutoka shamba bado ana vumbi la salfa kwenye nguo. Tukamwalika na jirani mwenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji. Mama mhudumu ndo aliyeongea, mimi nilikaa pembeni. Hakusema demensia hata mara moja. Alisema kuna ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu kuanzia za juzi kurudi nyuma, kwa hiyo shangazi yetu usiku akiamka yuko kwenye nyumba ya zamani, anakwenda kisimani kwake, ila kisima hakipo. Akamgeukia jirani akamuuliza, wewe mwanao kapimwa? Kapimwa, malaria, kapewa mseto, anaendelea vizuri. Haya, akasema, malaria ya mtoto inajulikana ilikotoka, na safari ya mama inajulikana inakokwenda.

Jirani alikaa kimya muda mrefu alafu akasema, sasa akija tena nimfanye nini? Hilo swali ndo tulilokuwa tunalihitaji. Tukalijibu wote. Mwite kwa jina kutokea mbele, mwamkie, usimshike mkono kwa nguvu, usibishane naye kwamba kisima hakipo, mwambie twende wote nikusindikize, mpe maji anywe, mrudishe. Ndani kwake ndoo ya maji na kikombe viwekwe mahali pamoja palepale kila siku, taa ya sola iwashwe usiku kwenye njia ya choo, mlango ufungiwe njuga za mbuzi ili ukifunguka anayelala karibu asikie. Na kamba hapana. Waliwahi kumfunga kamba mchana mmoja wakati wa palizi, binti yake alisema hilo huku analia, hakuwa na mtu wa kumwachia.

Binti huyo ndo mgonjwa wetu wa pili na karibu tumsahau. Ana miaka 38, kaacha biashara ya maandazi, halali, anaumwa mgongo, na hakuna hata mtu mmoja kwenye kile kikao aliyekuwa amemuuliza yeye anaendeleaje mpaka Mwalimu alipomuuliza. Mjomba akapanga zamu hapo hapo, wajukuu wawili wa kiume siku za soko, shangazi mdogo Ijumaa. Ntafuatilia kama zamu zinashikwa.

Narudi na pikipiki giza limeingia nikapita karibu na nyumba ya bibi. Sikusimama, ila nilimsalimia.

24 Julai

Masikio na presha, nusu siku. Ripoti ya Lancet, lile jarida la kitabibu, ya 2024 imetaja vitu 14 ambavyo vikishughulikiwa tangu ujana mpaka uzeeni karibu nusu ya demensia ingeweza kuzuilika au kuchelewa, asilimia kama 45, na baadhi yake vipo mikononi mwetu kabisa, presha, kisukari, sigara, pombe iliyozidi, kutosikia, kutoona, kukaa upweke. Nimewaomba kliniki ya presha waanze kuuliza pia kama mgonjwa anasikia vizuri. Wazee wawili zahanati moja walikuwa na nta tu iliyoziba, ikatolewa.

6 Agosti

Hili limeniuma. Mmoja wa tuliowafundisha, mfanyakazi mzuri, amemgundua mzee vizuri kabisa, hatua zote kafuata, alafu akaita familia akawaambia ubongo wake unakufa, haitibiki, mkamlee. Bas. Wameondoka hawajarudi, presha ya yule mzee haipimwi tena na nimesikia wamempeleka kwa mganga wa mbali na wameuza mbuzi.

Kosa ni la kwetu, tulitumia siku mbili kufundisha kutambua na robo saa tu kufundisha kusema. Haitibiki ni kweli, hamna dawa inayoiondoa, lakini kazi iliyobaki ni kubwa. Presha inatibika, maumivu yanatibika, usingizi unaweza kupangwa, familia inaweza kufundishwa, hata kule Hai wamewahi kuwakusanya wagonjwa kwenye vikundi, vikao 14 vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili, na vikaonyesha faida. Mtu anayeambiwa njoo tarehe fulani tuendelee pamoja hauzi mbuzi haraka hivo.

Kuanzia kundi la tatu mchana wote wa siku ya pili ni wa kusema. Wawili wawili, mmoja binti wa mgonjwa mmoja muuguzi, na lazima kila mazungumzo yaishe na tarehe ya kurudi. Yule mfanyakazi ameomba mwenyewe aende na mama mhudumu kuitembelea ile familia. Wanakwenda Jumamosi.

20 Agosti

Ile familia wamewapokea, mzee yuko nyumbani, presha imepimwa. Mganga wamemalizana naye. Zamu za kule Kitangari zinashikwa nusu nusu, za Ijumaa zipo, za wajukuu siku ya soko mara moja tu kwa wiki tatu, nitaongea na mjomba. Yule mama kungwi kule Ligula wamempima, hakuna cha kutibika zaidi ya presha, amerudishiwa zahanati ya kwao na ana tarehe.

Nimerudi kwenye ile zahanati ya mwezi wa sita, nikafungua rejista. Yule mama wa miaka 74 hajaonekana tena tangu ile siku. Tumechukua jina la kitongoji chake, mhudumu wa jamii wa hapo ataenda kumtafuta wiki hii kabla watu hawajaanza kusafisha chini ya mikorosho.

Ya kufanya: kununua viberiti dazeni mbili. Kuchapa kadi nyingine 30, zile za kwanza jasho limezifuta. Yale maneno kumi ya kukumbuka tuyatafute kwa Kimakonde na Kimakua na yarekodiwe kwa sauti ya mtu mzima, maana vijana wetu wengi wanaisikia lugha lakini hawaitamki sawasawa na bibi anacheka anasahau anachoulizwa. Mama mhudumu amekubali kuyasoma ya Kimakonde. Kesho saa tatu nampitia na simu, kasema nije mapema jogoo wake wakiwa wametoka nje.